Papa wa bahari na okapi wa pori: juu ya nini sheria moja inatuhusu Masisi na Walikale

Kwetu huku ukisema "papa", mtu anafikiri baba ya watoto, ao muzee wa heshima wa kijiji. Kule pwani, Mombasa, Zanzibar ao Kilwa, papa ni samaki. Ni yule tunayemjua kwa Kifaransa kama requin, mwenye meno mengi, anayeonekana ndani ya mafilme akifuata mashua.

Mwisho wa mwaka 2025, samaki huyu na mnyama mmoja wa kwetu waliingia katika maamuzi ya mkutano mmoja. Mkutano ulifanyika Samarkand, nchini Uzbekistan, kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwanzo wa mwezi wa 12. Nchi zilizotia sahihi mapatano ya CITES, yale yanayosimamia biashara ya wanyama na mimea ya pori kati ya nchi na nchi, zilikubali kumweka papa mkubwa kuliko wote katika orodha ya kwanza. Maana yake ni kwamba kumuuza kwa kuvuka mpaka kumefungwa. Katika mkutano ule ule, okapi, mnyama ambaye haishi porini popote duniani isipokuwa Congo yetu, naye aliingia katika orodha hiyo hiyo, kwa ombi la serikali ya Kinshasa.

Mkaaji wa Nyabiondo, Pinga ao Mubi atauliza: mimi ambaye sijawahi kuona bahari, hii mambo inanihusu nini? Samaki wa bahari anamfikia sokoni akiwa makayabo ao tomson, basi. Lakini ukifuata vizuri maisha ya papa na njia ambayo pezi lake linapita mpaka Asia, utaona unatembea katika barabara unayoijua. Ni barabara ya magamba ya pangolini, na kwa sehemu fulani ni barabara ya madini yetu.

Papa ni nani?

Watu wengi wanafikiri papa ni mmoja tu, yule mkali. Kumbe kuko aina zaidi ya 500. Wote wanafanana kwa jambo moja: hawana mifupa migumu. Mwili wao unasimama juu ya kitu laini kama kile kinachoshikilia sikio na pua ya mtu. Ni watu wa zamani sana duniani. Mababu zao walikuwa baharini zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kabla miti ya kwanza haijaota juu ya ardhi. Meno yao yako kwa mistari. Moja likianguka, lingine linasogea mbele kuchukua nafasi yake, na inaendelea hivyo maisha yote.

Mkubwa kuliko wote anaitwa papa potwe huko Tanzania. Anaweza kupita metre 12, maana yake mrefu kuliko lori kubwa inayopanda Sake na mizigo. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, lakini hali watu. Anafungua kinywa na kuchuja vidudu vidogo vidogo na mayai ya samaki ndani ya maji. Mgongo wake uko na madoa meupe. Huko Kenya wanamwita papa shilingi, na wazee wanasimulia kwamba Mungu alipomuumba alifurahi sana mpaka akamrushia shilingi mgongoni, ndizo hizo madoa. Kwenye kisiwa cha Mafia, Tanzania, anakuja karibu sana na pwani, sana sana kuanzia mwezi wa 10 mpaka mwezi wa 2 ao wa 3, na wageni wanalipa mashua ili kuogelea karibu naye.

Kuko papa mwenye kichwa kama nyundo, macho yake yako mwisho wa pande mbili. Kichwa hicho kipana kinamsaidia kutafuta chakula. Papa wote wako na vitundu vidogo kwenye ngozi ya kichwa, vinavyosikia umeme mdogo unaotoka katika mwili wa kila kiumbe hai. Samaki akijificha chini ya mchanga, moyo wake unamsaliti. Papa-nyundo anapitisha kichwa juu ya mchanga kama vile fundi anavyopitisha mashine ya kutafuta chuma.

Kuko na mdogo wa sentimetre 20 hivi, anayeishi chini sana kwenye giza na tumbo lake linatoa mwangaza. Kuko wa maji ya baridi ya kaskazini, karibu na Groenland. Mwaka 2016 watafiti walipima macho ya papa hao na kukuta mmoja aliyekuwa na miaka isiyopungua 272. Papa huyo jike anaanza kuzaa akiwa na karibu miaka 150. Kuko tena aina moja ambayo watoto wanakulana ndani ya tumbo la mama. Mwenye nguvu anakula ndugu zake, na mwishoni wanazaliwa wawili tu, mmoja kwa kila chumba cha uzazi.

Anaweza kufika mto Lowa?

Swali hili si la kuchekesha. Kuko papa mmoja anayeweza kuishi ndani ya maji ya mto. Wazungu wamempa jina la ng'ombe dume, na Afrika ya Kusini wanamwita papa wa Zambezi. Mwili wake unajua kupunguza chumvi, basi anapanda mito. Katika mto Amazone, amepatikana zaidi ya kilometre 3000 toka bahari, mpaka Peru.

Kwetu hawezi. Congo iko na bahari, lakini ni kipande kidogo cha kilometre 40 hivi, kule Muanda na Banana, katika Kongo-Central. Papa wa Atlantika wanapatikana huko. Lakini kati ya Matadi na Kinshasa mto unaanguka kwa maporomoko mengi, na hata mashua haipiti. Ndiyo sababu wakoloni walijenga reli iliyomalizika mwaka 1898. Kwa hiyo Lualaba, Lowa na Oso haina papa. Ziwa Kivu ndiyo kabisa: aina za samaki ni chache, na hata sambaza tunaokula waliletwa toka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950.

Tushike mfano wa sambaza, maana unasaidia kuelewa yote yanayofuata. Sambaza anakua haraka, anazaa mapema na anazaa wengi. Wavuvi wakivua vizuri usiku huu na kuacha wachanga, ziwa litajaza tena. Papa ni kinyume. Aina nyingi zinangojea miaka 10 ao zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Mimba ya wengine inapita mwaka mzima. Kuko aina ambayo inabeba mimba karibu miaka miwili, kupita tembo. Ukitoa papa mama mmoja leo, nafasi yake haijazwi mwaka kesho.

Nani anaua nani?

Woga wa papa ulienea sana duniani kisha filme "Jaws" ya mwaka 1975. Lakini hesabu inasema mambo mengine. Duniani kote, watu wanaouawa na papa bila kuwachokoza ni wastani wa 5 ao 6 kwa mwaka. Upande wa pili, utafiti uliotangazwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba uvuvi uliua papa karibu milioni 80 katika mwaka 2019 peke yake. Utafiti mwingine, wa mwaka 2021, ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 kati ya 1970 na 2018.

Wengi wanakufa bila kutafutwa. Nyavu zimetegwa juu ya samaki wengine, papa anaingia. Lakini pia kuko biashara. Kwenye pwani ya Waswahili, papa ni chakula toka zamani. Anatiwa chumvi, anakaushwa, kisha anapikwa na nazi. Mafuta ya ini lake, yanayoitwa sifa, yalipakwa kwenye mbao za majahazi ili maji yasiingie. Majahazi ya Oman na Hadhramaut yalikuwa yanaleta papa mkavu mpaka Lamu, Mombasa na Zanzibar. Ile biashara ilikuwa na harufu kali, lakini mwendo wake ulikuwa wa upepo na wa msimu.

Kilichobadilika ni pezi. Huko Asia, supu ya mapezi ya papa ni chakula cha harusi na cha kuonyesha utajiri. Pezi lenyewe halina ladha sana. Ladha inatoka kwenye mchuzi. Hata hivyo, bei yake ni ya juu kuliko nyama, na soko kubwa liko Hong Kong. Mwenye mashua kubwa ya kigeni anaweza kukata mapezi na kutupa mwili wote baharini, juu ya kuhifadhi nafasi. Mvuvi mdogo wa Kenya ao Tanzania hatupi nyama. Anakula, anauza sokoni, na pezi analipeleka kwa mnunuzi.

Njia ya pezi na njia ya kiloba

Hapa mtu wa Rubaya ao wa Bisie hahitaji kuelezwa sana. Mvuvi yuko pale ambapo kwetu kuko kreseri. Anahatarisha mwili, anapata pesa ya chakula cha siku. Kisha kuko mnunuzi wa kijiji, mfano wa negosian. Kisha mwenye ghala ya mji mkubwa, mfano wa kontwari. Kisha kontena inapanda meli. Kila hatua bei inapanda, na yule wa kwanza hajui wa mwisho ni nani.

Serikali za dunia zikitaka kuweka utaratibu katika njia kama hiyo, zinaweka karatasi. Kwa madini ni etiketi kwenye kiloba. Kwa wanyama wa orodha ya pili ya CITES ni permi: unaweza kuuza inje ya nchi, lakini serikali yako ithibitishe kwanza kwamba biashara haitamaliza mnyama huyo. Orodha ya kwanza ni kali zaidi. Biashara ya kimataifa inakatazwa.

Udhaifu tunaujua pia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba madini ya sehemu moja yanavalishwa etiketi ya sehemu nyingine. Kwa papa, ujanja ulikuwa rahisi kupita hapo. Mwaka 2013, huko Bangkok, aina tatu za papa-nyundo ziliwekwa katika orodha ya pili, lakini papa wengine wengi walibaki inje. Sasa pezi likishakaushwa na kutolewa ngozi, mtu wa dwani atajua namna gani kama ni la aina hii ao ile? Mfanyabiashara anachanganya, anaandika jina lisilokatazwa, kontena inapita.

Ndiyo sababu uamuzi wa Panama, mwezi wa 11 mwaka 2022, ulikuwa mkubwa. Nchi ziliacha kuhesabu aina moja moja. Zilichukua familia nzima ya papa wanaouzwa sana, aina zaidi ya 50, pamoja na papa-nyundo wote waliobaki, na kuweka wote katika orodha ya pili. Toka hapo, sehemu kubwa ya mapezi yanayouzwa duniani inahitaji permi. Mtu wa dwani haulizi tena "ni aina gani?" kama swali la kwanza. Anauliza "karatasi iko wapi?"

Hilo ni funzo kwa kila mtu anayefuata mambo ya etiketi huku kwetu. Utaratibu unaoacha mlango mmoja wazi unageuka njia ya kusafishia mali. Lakini karatasi peke yake pia haitoshi, juu hata familia nzima ikiwekwa, kuko rushwa, kuko bandari zisizo na wapimaji, na mvuvi ambaye watoto wake wanalala njaa.

Porini kwetu

Turudi Walikale. Mwaka 2016, huko Johannesburg, aina zote nane za pangolini ziliwekwa katika orodha ya kwanza: nne za Asia, nne za Afrika. Kasuku wa kijivu aliingia pia katika mkutano huo. Sababu ya pangolini inafanana na ya papa. Wa Asia walipopungua sana, wanunuzi waligeukia misitu ya Afrika. Magamba yake yametengenezwa na kitu kile kile kinachotengeneza kucha ya mtu, lakini kule yanauzwa kama dawa. Na pangolini, yule ambaye Waswahili wa pwani wanamwita kakakuona, kwa kawaida anazaa mtoto mmoja tu kwa mara moja.

Wazee wetu walijua kitu fulani juu yake. Kwa ndugu zetu Walega, pangolini ni mnyama wa heshima. Inasemwa kwamba ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba, majani juu ya majani, kama magamba yake. Haikuwa ruhusa kumuua ovyo. Haukuwa utafiti wa maabara, lakini ulikuwa ulinzi.

Gorila wa mabonde ya mashariki, ambaye haishi inje ya mashariki mwa Congo, naye yuko hivyo hivyo. Mama anazaa mtoto mmoja, kisha inapita miaka minne hivi kabla ya mwingine. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba wamebaki 6800 hivi. Sehemu kubwa ya pori lao iko hapa, upande wa Kahuzi-Biega, Tayna na misitu ya Walikale. Okapi jike anabeba mimba zaidi ya mwaka mmoja, anazaa mmoja.

Sasa ongeza vita. Mwezi wa 3 mwaka 2025 mapigano yalifika mpaka Walikale-centre. Masisi, watu wamekimbia mara nyingi, wakarudi, wakakimbia tena. Mashamba yanabaki, ng'ombe wanaibiwa, barabara inafungwa, bei ya chumvi na unga inapanda. Familia iliyojificha porini haiwezi kuuliza kama nyama iko katika orodha ya kwanza ao ya pili. Anayetaka kuwahukumu watu hao akiwa amekaa kwenye ofisi ya Genève, aanze kwa kuwatumia chakula.

Ndiyo maana ni lazima kutofautisha vitu viwili ambavyo mara nyingi vinachanganywa, hata na wenye kutetea wanyama. CITES haikatazi mvuvi wa Mafia kula samaki nyumbani kwake, na haiingii ndani ya chungu cha mama wa Walikale. Inashughulika na mpaka. Mambo ya ndani yanaongozwa na sheria ya nchi, na sheria yetu inamlinda gorila na okapi kabisa. Tena pori liko na wanyama wa aina mbili, kama vile maji yako na sambaza na papa. Simbiliki anazaa wengi na haraka, mwindaji akimchukua pori linajaza. Gorila, okapi na pangolini ni papa wa pori. Ukiwachukua kwa mwendo wa simbiliki, mtoto wako atawaona kwenye picha.

Nani atapata faida?

Swali la mwisho ndilo gumu. Mlango wa biashara ukifungwa, nani analipa, nani anapata? Kisiwani Mafia, papa potwe akiwa hai analeta wageni kila msimu, na wenye mashua na wenye nyumba za kulala wanapata kitu. Hiyo inawezekana juu kuko amani na kuna ndege. Kwetu, utalii wa gorila ulishaleta pesa Virunga na Kahuzi-Biega, lakini risasi ikilia, mtalii wa kwanza anarudi kwao. Hatuwezi kudanganya wakaaji kwamba utalii utakuja kesho.

Kinachowezekana hata katika hali hii ni haki ya ardhi. Toka mwaka 2014, sheria ya Congo inaruhusu jamii kupewa pori lao kwa makaratasi, mpaka hektare 50 000, na kulisimamia wenyewe. Huko Nkuba, ndani ya Walikale, familia zenye ardhi zinashirikiana na shirika la Dian Fossey Gorilla Fund kulinda gorila, na vijana wa huko huko ndio wanaofanya kazi ya kufuatilia wanyama. Si dawa ya yote. Lakini pale, anayelinda na anayemiliki ni mtu mmoja, na hiyo ni tofauti na walinzi wanaotumwa toka mbali.

Upande wa serikali, kumweka okapi katika orodha ya kwanza ni kazi iliyofanyika vizuri, lakini ilifanyika mbali. Mipaka yetu na Uganda na Rwanda inapitisha vitu vingi, na wilayani kwetu mamlaka imegawanyika. Wakaaji wako na haki ya kuuliza: nani anapima mizigo inayopita? Mtu akikamatwa na magamba, kesi inaishia wapi? Na anayekamatwa ni mwindaji tu, ao na mnunuzi pia?

Mpaka majibu yapatikane, kuko alama moja ambayo kila kijiji kinaweza kuiangalia, na wavuvi wa pwani wanaijua pia kwa mapezi. Mwenye njaa anatafuta nyama. Mnunuzi akija kijijini anatafuta magamba peke yake na nyama anaacha, huyo hanunui chakula. Mwulizeni anakotoka na anakopeleka, na muwaambie wazee wa kijiji mapema, kabla hajaondoka.